Apdeti imetoka na kila mchezaji anasema lake, umwamini nani?

Swali la msomaji: "Mkuu habari. Nilikuwa naendesha sana Assetto Corsa Competizione, ile simuleta ya mbio za magari, kipindi cha toleo la 1.8, nikaacha muda mrefu, sasa nimerudi nakuta wameshavuka 1.9 na gari zimebadilika kabisa. Zamani nilikuwa na Porsche ile ya 991, sasa nimehamia 992 na setapu yangu, ile mipangilio ya gari, nimeihamisha namba kwa namba. Nyuma inaelea, lapu ya tatu tu gari inakuwa kama imepakwa sabuni. Nikisoma maoni ya wachezaji ndo nachanganyikiwa zaidi, mmoja anasema wameilainisha imekuwa gemu ya watoto, mwingine anasema sasa ndo gari halisi, wa tatu anasema wameua usukani hausikii kitu. Nimwamini nani? Na mimi nifanyeje? Natumia usukani wa mkanda, ule ambao injini yake inauzungusha kwa mkanda wa mpira, na pedali za kawaida zisizo na lodi seli, kile kipimo cha nguvu ya mguu."

Mkuu salama. Nianze na jibu fupi ndo tuingie ndani: hao watatu hakuna anayedanganya, ila pia hakuna hata mmoja anayekuelezea apdeti yenyewe. Kila mmoja anakuelezea pengo lililopo kati ya mazoea ya mikono yake na gari iliyokuja, na mazoea yake sio yako, usukani wake sio wako, setapu yake sio yako. Maoni ya wiki ya kwanza baada ya apdeti kubwa ya simuleta yoyote ile ndivyo yalivyo, na ukiyasoma kama ripoti ya ufundi utachanganyikiwa mpaka uache gemu. Yasome kama malalamiko ya mgonjwa kwa daktari, anasema kweli panauma, lakini sababu huwa anabahatisha.

Sasa wewe kwanza, kabla ya kuwagusa wengine. Umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja halafu lawama zote umezitupa kwenye kimoja. Umebadili toleo la gemu na umebadili gari, na hizo Porsche mbili zinafanana sura tu. Ile 991 GT3 R (GT3 ni daraja la magari ya mbio yanayotokana na magari ya barabarani) ina injini ya lita 4.0, mpya ina lita 4.2, na Porsche waliongeza umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa karibu sentimita 5, kutoka milimita 2,459 kwenda 2,507, wakainamisha na injini kidogo kwenda mbele ili chini nyuma wapate nafasi ya kufanyia kazi hewa. Injini bado iko nyuma ya ekseli ya nyuma kama kawaida yao, kwa hiyo tabia ya Porsche ipo palepale, lakini gari ndefu kiasi hicho haigeuki na haijibu breki sawasawa na ile fupi. Hata kama hao jamaa wa Kunos, watengenezaji wa gemu, wasingegusa mstari mmoja wa fizikia, setapu ya 991 kwenye 992 isingekaa vizuri, utapata bahati namba mbili tatu basi.

Halafu kuna presha ya tairi, na hapa ndo nadhani asilimia kubwa ya sabuni yako inatokea. Kipindi cha 1.8 wote tulikuwa tunawinda 27 na nusu hivi psi tairi ikiwa ya moto, GT3 kwenye lami kavu, na ukifika hapo unatulia. Ilipokuja 1.9, Aprili 2023, dirisha likashuka, sasa unatafuta kati ya 26.0 na 27.0. Ukiangalia kwa haraka ni tofauti ndogo sana, psi moja tu, lakini kwenye hii gemu psi moja ni tofauti ya gari inayong'ang'ania na gari inayocheza dansi. Setapu yako ya zamani ilitengenezwa ili ukiwa lapu ya tatu au ya nne, tairi zikishapata joto, zifike 27.5 na zaidi. Zinafika, kama ulivyozipangia, ila sasa hapo ni juu ya dirisha, tairi imevimba, eneo linalogusa lami limepungua, na kwa vile Porsche imebeba uzito mwingi nyuma basi tairi za nyuma ndo zinalia kwanza. Umeona mwenyewe umesema "lapu ya tatu tu". Lapu ya kwanza gari ilikuwa sawa kwa sababu presha ilikuwa bado haijapanda. Hilo sio tatizo la fizikia mpya mkuu, hiyo ni namba ya zamani kwenye gemu mpya, na ndo maana huwa namwambia kila mtu asihamishe setapu kupita apdeti kubwa hata kama alilipia.

Ukianza na setapu ya gemu yenyewe, ile ya fujo au ile ya usalama yoyote utakayochagua, shusha au pandisha presha ya baridi, ile unayoweka kabla ya kuendesha, mpaka za moto zikae 26 na nusu hivi zote nne, halafu ndo uanze kuongea habari ya gari. Kumbuka hali ya hewa pia, nyuzi moja ya joto ikibadilika presha inacheza kama 0.1 psi, kwa hiyo seva yenye nyuzi 30 na seva yenye nyuzi 18 haziwezi kutumia presha ile ile ya baridi hata siku moja. Kuna watu wanalaumu apdeti kumbe wamehama seva.

Haya, tuje kwa jamaa wa kwanza, anayesema wameilainisha. Huyu ana hoja ila hitimisho lake silikubali.

Tairi haishiki kwa kwenda ilikoelekezwa. Ukikata kona, tairi inaangalia upande mmoja na gari inaelekea upande mwingine kidogo, kuna pembe hapo katikati, ndo pembe ya mtelezo, na bila hiyo pembe hakuna nguvu ya kukata kona kabisa. Pembe ikikua, ushikaji unakua, mpaka unafika kileleni, baada ya kilele ushikaji unaanza kupungua. Mjadala mzima wa tairi kwenye simuleta, uwe wa Competizione, wa iRacing, wa yeyote, uko kwenye umbo la huo mlima: kilele kina upana gani, na ukivuka upande wa pili unateremka taratibu au unadondoka. Kilele kikiwa chembamba na upande wa pili ukiwa kama ukuta, gari inashika inashika inashika halafu ghafla haipo, na wewe unashtukia umeangalia ulikotoka. Kilele kikiwa kipana na mteremko ukiwa mpole, gari inakuambia mapema kwamba "naondoka", unapata muda wa kugeuza usukani kinyume, unaikamata, unaendelea.

Wengi walioendesha matoleo yote mawili wanasema kitu kimoja kwa maneno tofauti, kwamba sasa nyuma ikitoka inatoka kwa hatua na inakamatika, wakati zamani ilikuwa ikitoka imetoka. Sasa mtu aliyetumia miaka kujifunza kuishi kwenye kilele chembamba, ambaye faida yake kwa wengine ilikuwa kwamba yeye haanguki wakati wengine wanaanguka, lazima aone amenyang'anywa kitu. Wenzake wanakosea na hawapigi spini. Anaita hiyo gemu ya watoto. Namwelewa, ila ugumu sio uhalisia, na hili watu wa simuleta huwa hawapendi kulisikia. Gari za GT3 tangu zilipoanza mwaka 2006 zilitengenezwa zikiwa na akili ya kwamba tajiri mwenye pesa zake na kazi yake ya ofisini atakaa kwenye kiti kile kile anachokaa dereva wa kulipwa, ndo maana zinaruhusiwa ABS ya kuzuia tairi zisijifunge kwenye breki na TC ya kuzuia zisizunguke bure kwenye gesi, ndo maana hadi leo kwenye GT World Challenge kuna madaraja ya madereva wasio wa kulipwa. Gari ya namna hiyo ikikutupa nje kila ukipumua vibaya, aliyeitengeneza angefilisika. Kuiendesha kwa kasi ya kati ni rahisi hata kwenye ukweli, kazi ipo kwenye zile sehemu chache za sekunde za mwisho, na kufanya hivyo saa nzima bila kuua tairi. Kwa hiyo mtu akiniambia imekuwa rahisi, huwa namuuliza swali moja tu: umesogea karibu na walio mbele, au mmekuwa rahisi wote pamoja? Mara nyingi pengo na wale wa juu liko palepale.

Jamaa wa tatu, wa usukani umekufa, huyo ndo wa kukaa naye vizuri kwa sababu na wewe una usukani wa mkanda na hili litakuhusu.

Ule uzito unaousikia kwenye usukani hautokani na ushikaji wenyewe, unatokana na tairi ya mbele kutaka kujinyoosha. Kinachokuja kwenye mikono ni hiyo nguvu ya kujinyoosha, na ina tabia moja nzuri sana, inafika kileleni kwake kabla ushikaji haujafika kileleni. Maana yake usukani unaanza kuwa mwepesi kidogo wakati tairi bado ina akiba. Huo wepesi ndo simu ya onyo, dereva mzuri anaendesha palepale ambapo usukani umeanza kulegea na hasubiri zaidi. Sasa tairi ikiwa na kilele chembamba, huo wepesi unakuja kwa kishindo, hata usukani wa plastiki wa gia za ndani utakuambia. Tairi ikiwa na mteremko mpole, wepesi unakuja polepole, kidogo kidogo, na mabadiliko madogo madogo ya namna hiyo ndo mkanda wa mpira unayameza. Mwenye dairekti draivu, ambaye injini ya usukani imefungwa moja kwa moja kwenye shafti, anayapata yote na anaandika "maelezo yameongezeka sana". Mwenye mkanda anapata robo na anaandika "wameua usukani". Apdeti moja, tairi moja, na wote wawili wanasema walichokisikia kweli.

Na ubaya zaidi ni kwamba mtu akikosa kusikia anaongeza nguvu. Usukani wako una kiwango cha juu kabisa unachoweza kutoa, ukiongeza nguvu kwenye gemu kupita hapo, kila kitu kilichozidi kinakatwa juu, kinakuwa bapa. Nenda kona yoyote ndefu ya kasi, ingia, kaa katikati, ongeza usukani kidogo kidogo mpaka pua ianze kukimbia. Kama uzito ni ule ule mwanzo hadi mwisho, umejaza, na ile simu ya onyo niliyoisema imekatwa pamoja na hivyo vilivyozidi. Shusha. Utaona usukani umekuwa mwepesi kama wa kuchezea, utachukia, vumilia lapu kadhaa, mikono itaanza kusikia vitu ambavyo vilikuwa vimefunikwa. Huu ushauri nimeutoa mara nyingi na watu wengi hawaufuati kwa sababu usukani mzito unaonekana wa kiume zaidi sijui.

Kitu kingine ambacho hakina uhusiano na fizikia ila kinaingia kwenye maoni ya fizikia ni fremu, idadi ya picha kwa sekunde. Apdeti kubwa mara nyingi inakuja na picha nzito zaidi, au inarudisha mipangilio yako ya picha mwanzo, kompyuta inaanza kuhema, picha inachelewa kukufikia kwa muda mdogo ambao jicho halioni lakini mikono inaujua. Unakamata mtelezo ukiwa umechelewa, unasema nyuma haikamatiki. Kabla hujamlaumu mtu wa tairi angalia kama fremu zako ni zile zile, kama upana wa kamera haujabadilika, kama digrii za usukani kwenye gemu bado zinalingana na za usukani wako. Dakika tano za kuangalia hivyo zinaondoa nusu ya malalamiko ninayoyapokea.

Huyo wa pili sasa, "sasa ndo gari halisi". Nauliza, halisi kulinganisha na nini? Watu wengi wanaoandika hivyo hawajawahi kukaa kwenye GT3, na sio dhambi, wengi wetu hatujakaa. Wanachomaanisha ni kwamba gari inafanya wanachotarajia, kitu kizuri kabisa ila ni kitu kingine. Hata dereva wa kulipwa akisema, msikilize kwa akili, yeye kwenye gari anasoma kupitia kiuno na mgongo, mwili unajua gari imeanza kuzunguka kabla jicho halijaona, kwenye kiti cha nyumbani hiyo haipo, kwa hiyo simuleta inayomfanya ajisikie nyumbani inaweza kuwa ile inayomfidia kile alichokosa, sio lazima ile yenye namba sahihi. Maoni yake yana uzito mkubwa kwenye mambo kama ABS inaingia vipi, gari inakaaje ukiachia breki ukiwa unaingia kona, tairi inachoka kwa namna gani. Kwenye "hisia" ya jumla jumla, yuko kama sisi tu.

Sio hii gemu peke yake. iRacing walipoleta mvua Machi 2024, siku za mwanzo ilikuwa ni vilio, watu wanafuata laini yao ile ile ya siku zote wanateleza kama wako kwenye barafu, wanaandika mvua imeharibika. Kumbe mvua iko sawa, laini ya kawaida imejaa mpira wa tairi za siku zote na mpira ukilowa ni utelezi, inabidi uende pembeni ambako lami ina meno, vile vile kama madereva wa kweli wanavyofanya wakizunguka nje ya kona. Gari ilikuwa inasema kweli na mazoea yalikuwa yanadanganya. Lakini sio kila kilio ni mazoea. Gran Turismo 7 na apdeti yake ya 1.49 ya Julai 2024, walibadili fizikia ya sasipensheni na tairi, na baadhi ya gari zikiwa na setapu fulani zikaanza kuruka juu hewani kama chura, video zikajaa kila mahali. Hilo halihitaji falsafa, ni hitilafu, na kama wiki moja baadaye ikaja 1.50 kulirekebisha.

Unaona tofauti ya malalamiko hayo mawili ilivyo? La mvua lilikuwa linasema "gari haishiki". La kuruka lilikuwa linasema gari hii, setapu hii, sehemu hii, inafanya hivi, na mtu mwingine akirudia anapata hivyo hivyo. Ndo kipimo changu cha nani wa kumwamini. Simwamini mwenye jina kubwa, simwamini mwenye lapu ya haraka, namwamini anayenipa kitu ninachoweza kukirudia. Akiandika "tairi mpya ni takataka", napita. Akiandika "Ferrari 296, Monza, nikiachia breki taratibu kwenye Lesmo ya pili nyuma inatoka nikiwa bado nina breki kidogo, presha 26.4, TC 3", naacha kazi zangu naenda kujaribu. Hata kama amekosea sababu, amenipa mahali pa kuangalia. Na angalia pia ameandika lini, mtu yule yule akiandika siku ya kwanza na akiandika baada ya mwezi utadhani ni watu wawili.

Ukiwa unasoma pia tenganisha muda wa lapu na hisia. Watu wanasema "gari zimekuwa za kasi kwa hiyo wamerahisisha" au kinyume chake. Muda unaweza kubadilika kwa sababu ya ile mizani ya magari, BoP, ambapo gari inaongezewa au kupunguziwa uzito na nguvu ili zote zilingane, na hiyo hubadilishwa mara kwa mara na haihusiani na tairi. Gari yako inaweza kuwa nzito zaidi kuliko mwaka jana na wewe unasema tairi hazishiki. Hali ya hewa ya seva nayo nishasema.

Na sio kila toleo linagusa kitu kile kile, kwa hiyo ukisoma maoni angalia yanaongelea toleo gani. Ile 1.8 ya Novemba 2021 kubwa yake ilikuwa tairi kugusa lami kwa pointi kadhaa badala ya moja, ndo maana watu wengi kipindi kile waliongea habari za kingo za kona na matuta, gari ikipanda ukingo haikuwa tena kama imepigwa teke. Hiyo 1.9 ilikuja na ramani mpya za ushikaji na presha, pamoja na magari matatu mapya, Porsche yako, Ferrari 296 na Lamborghini Huracan EVO2. Zilizofuata, ikiwemo ile ya Aprili 2024 iliyoleta Nordschleife, ile barabara ndefu ya mbio ya Ujerumani, watu waliongea zaidi barabara kuliko tairi, na wana haki, ukipewa zaidi ya kilomita 20 za matuta na vichaka nani atakumbuka presha.

Sasa wewe ufanyeje. Weka pembeni maoni yote kwa siku chache. Chukua 992, setapu ya gemu, mafuta ya kutosha lapu kumi hivi, hali ya hewa isiyobadilika, nenda Spa, ile barabara ya mbio ya Ubelgiji. Spa kwa sababu ina kila kitu kwenye kilomita 7, na kwa sababu ina kona moja inayoitwa Bruxelles, ile ya kulia ndefu inayoteremka baada ya Malmedy, hiyo ndo itakuambia ukweli wote kuhusu Porsche.

Unaingia unateremka, kwa hiyo uzito wote uko mbele na nyuma imekuwa nyepesi. Hapo kwenye 991 ulikuwa umezoea kuachia breki mapema, kukata usukani, na kuomba. Jaribu sasa kuiachia breki polepole sana, mguu ukiinuka kadri usukani unavyokatika, mpaka karibu na katikati ya kona uwe bado umeigusa kidogo tu. Sikiliza mambo mawili. La kwanza, nyuma inaanza kuzunguka lini, ukiwa bado na breki au ukishaiachia? Kama ni ukiwa bado na breki, sogeza mgawanyo wa breki mbele kidogo, nusu nusu, usirukie asilimia mbili. Kama ni ukishaiachia, umeiachia ghafla, tatizo ni mguu. La pili, katikati ya kona ambako ni ndefu na huna breki wala gesi, pua inakimbia au nyuma? Pua ikikimbia pale ujue unaingia haraka mno, hii ni Porsche, mbele haina uzito wa kuikandamiza, lazima umpe muda. Halafu gesi, mpe huku ukiunyoosha usukani, usimpe gesi ukiwa bado umekata. Ukitoka vizuri hapo utasikia nyuma inachuchumaa na kusukuma, yaani unasikia kwa nini watu wanaipenda hii gari pamoja na shida zake zote.

Rudia mpaka lapu ya nne ya tano, tazama presha ya moto. Kama zimekaa ndani ya dirisha na bado nyuma inaelea, hapo sasa tuongee setapu, anza na bawa la nyuma kuongeza hatua moja, na TC hatua moja juu, kabla ya kugusa sasipensheni. Ukigusa vitu vitatu kwa pamoja utarudi kwangu na swali lile lile. Lakini nina uhakika mkubwa hutafika huko, presha peke yake itakurudishia gari.

Kuhusu pedali. Pedali zako zinapima umbali, sio nguvu, kwa hiyo ile kazi ya kuachia breki polepole niliyokuambia itakuwa ngumu kuliko kwa mwenye lodi seli, na tairi hizi mpya zinamlipa sana anayeweza kuachia breki vizuri. Ukiniuliza pesa ya kwanza iende wapi, usukani au pedali, nitasema pedali bila kufikiria mara mbili, usukani wa mkanda ukipangwa vizuri bado unatosha. Kwa sasa ongeza kitu kigumu cha mpira nyuma ya pedali ya breki ili ikae ngumu mwishoni, sio lodi seli lakini mguu unapata mahali pa kusukuma.

Na zile setapu za zamani usizifute, zihamishe tu kwenye folda nyingine nje ya gemu ili usije ukazipakia kwa bahati mbaya. Ndani yake kuna gia ulizochagua, mafuta kwa lapu, mgawanyo wa breki uliokuwa unaupenda kwa kila barabara, hivyo bado vitakusaidia kama kumbukumbu. Presha na urefu wa gari kutoka chini ndo usivirudishe. Ukishafanya hiyo ya Spa niandikie presha zako nne za moto na niambie Bruxelles nyuma inatoka wakati gani, nikishaona hizo tutajua kama kuna la kugusa kwenye sasipensheni au uendelee hivyo hivyo.